Mapigo Hamsini na Manne

Jumatatu, 3 Machi

Presha yangu ni mia na sitini kwa mia moja. Nimeiona kwa macho yangu ikiandikwa kwenye kadi. Muuguzi hakushtuka hata kidogo. Ilibidi nishtuke mimi kwa niaba ya wote.

Sikwenda kituo cha afya kwa hiari. Mama Watoto alinishika mkono tangu mlangoni, kama anavyowashika wanafunzi wake wa darasa la kwanza wakivuka barabara. Muuguzi ni binti mdogo, nadhani kamaliza chuo juzi, na ananiita mzee. Mzee! Miaka hamsini na mitatu!

Lakini ule mkanda wake wa kupimia presha! Aliuzungusha mkononi mwangu, ukavimba, ukanibana, ukatulia, kisha ukashusha pumzi taratibu. Kitambaa na mpira tu, na umejua habari za ndani yangu ambazo mimi mwenye mwili sizijui. Mimi ni fundi saa. Nimefungua mashine ndogo za kila namna. Leo nimepigwa na butwaa.

Ushauri aliotoa ni huu. Kidonge kimoja kila asubuhi. Kutembea nusu saa kila siku. Kupunguza chumvi. Nirudi baada ya wiki mbili. Nikasubiri aendelee. Akasema ni hayo tu. Nikauliza kuhusu kitunguu saumu, kuhusu limau, kuhusu upande mzuri wa kulalia. Akasema nilale upande wowote unaonipa usingizi.

Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Nikakohoa. Mama Watoto akajibu yeye. Kaka yangu aliambiwa maneno hayohayo miaka miwili iliyopita, akacheka. Mwaka jana akaanguka bafuni. Kiharusi. Sasa mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Lakini mambo matatu tu! Mwili wa binadamu, na mifupa yake yote ile, utulizwe kwa mambo matatu? Hata saa ya kuamshia ina maelekezo marefu kuliko hayo. Lazima kuna siri. Nitaitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimemeza kidonge. Hakina ladha. Nina mashaka na dawa isiyo na ladha.

Siri imepatikana, tena kwa jirani! Fundi viatu na mimi tunagawana ukuta wa mbao. Akigonga soli, saa zangu zote zinaruka. Kwa kawaida simsikilizi. Leo nimesikiliza. Anasema yeye kila alasiri hulala chali na kuinua miguu ukutani kwa robo saa. Damu yote iliyolala miguuni inarudi mbio kwenye moyo, moyo unaoga, unapata nguvu. Anasema mapigo ya moyo wake ni sitini kwa dakika, kama ya mkimbiaji. Kadiri yanavyopungua ndivyo moyo ulivyo imara. Na kweli tumbo lake limepungua. Au amenunua mkanda mpya.

Nimejaribu mara moja. Nyuma ya kaunta hakuna nafasi hata ya paka kujinyoosha, kwa hiyo nimelala upande wa wateja. Miguu ukutani. Mwanzo hakuna kitu. Kisha vidole vya miguu vikaanza kuwasha, na masikioni nikasikia damu inashuka, shwaa, shwaa! Nimekaa na damu hii miaka hamsini na mitatu, sijawahi kuisikia ikisafiri. Machozi yalinilengalenga.

Mteja mmoja alifungua mlango, akakuta soli za viatu vyangu, akafunga mlango.

Kisha nikapima mapigo. Kwa saa gani? Nina masinia mawili juu ya kaunta: la kushoto lina saa zinazongoja kutengenezwa, la kulia lina zilizopona. Huu mwaka wa ishirini na nane sijawahi kuchanganya. Nikanyoosha mkono bila kuinuka, nikachukua kwenye sinia la kulia saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza. Nikashika mshipa wa shingo. Nikahesabu dakika nzima.

Hamsini na nne!

Nimerudia. Hamsini na nne. Fundi viatu na sitini yake akalale.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimeweka mkono kifuani na kuusikiliza moyo. Moyo kama huu, na muuguzi anataka kuupa vidonge! Vidonge si vibaya, ila ni vya watu wenye mioyo ya kawaida.

Tatizo ni Mama Watoto. Ananipa kidonge mwenyewe, na glasi ya maji, na kunitazama. Lakini kuna nukta ambayo lazima ageuke kumimina chai yake. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nyuma ya kiti changu, ukutani, kuna saa ya marehemu baba, ile yenye uzito unaoning'inia na kuyumba. Juu yake kuna upenyo. Hakuna anayeifungua saa ile ila mimi. Kidonge kimeingia kimya. Nimekunywa maji, nikasema aah. Mama Watoto amenisifu.

Alhamisi, 6 Machi

Chakula hakina chumvi kabisa. Nimelalamika. Mama Watoto anasema ulimi ni mwanafunzi, nao utajifunza. Nimeamua kujisaidia. Nimebeba chumvi kidogo kwenda nayo dukani, na kwa kuwa sikutaka fundi viatu aione, nimeificha kwenye kopo la skrubu.

Mchana nimeng'ata skrubu. Ndogo, ya saa ya mkononi. Jino limepona. Skrubu sijaiona tena, na sina hakika imeelekea wapi.

Nimeinua miguu ukutani. Hamsini na nne. Kila siku mapigo yaleyale! Hata saa ghali hazina nidhamu kama hii.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuweza kujizuia. Nimemwambia fundi viatu. Akacheka akashika mbavu. Nikamlaza chini upande wa wateja, nikampima mwenyewe, kwa saa ileile, dakika nzima.

Arobaini na tisa.

Nimepima mara tatu. Arobaini na tisa, arobaini na tisa, arobaini na nane! Mtu anayekula mayai manne asubuhi! Alishangaa kuliko mimi, lakini hakukaa na mshangao wake kistaarabu. Alikwenda nao moja kwa moja kwa kinyozi, na kufikia saa saba mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Kinyozi alinipungia mkono akaniuliza namba mbili wa mtaa anaendeleaje.

Nikamwambia fundi viatu moyo haupimwi kwa kulala, unapimwa kwa kazi. Kesho, jengo la ofisi la ng'ambo ya barabara, ghorofa nne, kwa ngazi. Atakayeshindwa atamwita mwenzake Bingwa mwezi mzima, mbele ya wateja. Amekubali haraka mno. Sipendi.

Kidonge cha tatu kimeingia kwenye saa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Nimeona.

Tulianza pamoja. Ghorofa ya kwanza nilipanda nikitabasamu, kinyozi akiangalia kutoka chini. Ghorofa ya pili tabasamu likaisha. Kabla ya ya tatu kichwa kilianza kugonga, si kifua, kichwa! Mbele ya macho yangu vikaja vidoa vyeupe, vinacheza. Nikashika ukuta. Fundi viatu alikuwa ameshakaa ngazi nane chini yangu, amefungua vifungo vya shati, anahema kwa sauti ya kuvuta mkokoteni. Hatukutazamana.

Nilimfikiria kaka. Bafuni, peke yake. Nikasema moyoni, ndiyo leo.

Hapo ndipo alipopita. Mama msafishaji, si chini ya miaka sitini, gauni la kazi, viatu vya mpira, ndoo iliyojaa maji mkono wa kushoto na ufagio mkono wa kulia. Anaimba kwa kufunga mdomo! Akatupita, akapanda mpaka juu, tukasikia maji yakimwagwa, akashuka, akatupita tena. Mara ya tatu alisimama akatuuliza kaka zake tunaumwa au tumefiwa. Kupumua kwake sikukusikia kabisa. Nimekutana na watu wakubwa maishani mwangu, mmoja wao alikuwa waziri na alikuwa na saa mbaya, lakini sijawahi kusimama mbele ya mtu nikajiona mdogo namna ile.

Nikamwomba aniambie siri yake. Akasema siri gani? Lifti imeharibika tangu mwaka juzi, na yeye hupanda ngazi zile mara ishirini kwa siku.

Nimeandika maneno yake yote. Nayatafakari. Lifti imeharibika. Lazima kuna kitu amekificha.

Fundi viatu na mimi tumekubaliana kwamba tumetoka sare.

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda kwa kaka. Mama Watoto alikunja mikono ya blauzi, akamsaidia shemeji kumwogesha, kama kila Jumapili. Mimi nilikaa barazani. Sijawahi kuweza kuingia.

Walipomtoa nje alikuwa amevaa shati safi na saa yake ya mkononi, ya kuzungushwa kwa kidole. Ilikuwa imesimama. Kwa mkono mmoja hawezi kuitia ufunguo, na shemeji husahau. Nikaitia mimi. Kaka aliitazama ikianza kutembea, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Akaniuliza, kwa maneno yanayotoka nusunusu, kama nameza dawa. Nikasema nameza.

Nimemdanganya kaka yangu. Nimejisikia vibaya njia nzima. Nilikusudia kesho nimeze. Halafu nikajipima kabla ya kulala. Hamsini na nne. Nani wa kubishana na hesabu?

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi nilitia kidonge cha sita. Mama Watoto alikunywa chai akiangalia saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na nusu. Akamimina kikombe cha pili. Saa kumi na mbili na nusu. Akajisifu jinsi alivyowahi leo. Alipofika shule alikuta darasa lake limeshaingia, na mwalimu wa michezo anawarusharusha juu ya madawati kwa sababu hajui kufundisha kusoma. Miaka kumi na moja hajawahi kuchelewa hata dakika. Mke wa fundi saa! Walimu wenzake wamecheka mpaka saa nne.

Aliporudi alileta kiti, akaketi mbele ya saa ya baba, akaniambia niifungue. Nikasema kesho, dukani, kwenye mwanga. Akasema mwanga upo. Nikafungua.

Kikaanguka kidonge. Kikaanguka cha pili. Vikaanguka vitano. Cha sita kilikuwa kimekwama kati ya meno ya magurudumu mawili, kimesagika nusu. Mimi, fundi saa! Nikasema labda ni panya.

Hakucheka. Nikaona bora nitoe ushahidi. Nikaeleza moyo wangu ulivyo wa pekee, hamsini na nne kila siku, nikatoa mfukoni ile saa ya kupimia mbio. Akaigeuza mkononi. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema kwenye sinia la kulia, la zilizopona. Akasema saa hii ni ya shule yake. Mwalimu wa michezo alimpa ailete kwangu, inakimbia. Watoto wote wameonekana kobe muhula huu, na binti mwenye mbio kuliko wote amelia. Na aliiweka yeye mwenyewe, Jumatatu iliyopita, kwenye sinia la kushoto, kama nilivyomfundisha.

Akaiweka mezani karibu na simu yake, akabonyeza zote mbili kwa pamoja. Dakika ya saa ile ikaisha. Simu ilikuwa sekunde ya arobaini.

Nilikuwa nimelala upande wa wateja. Kulia kwao ni kushoto kwangu.

Akanishika shingo kwa vidole viwili, akahesabu kwa simu. Themanini na moja. Moyo wa mtu yeyote wa kwenye foleni.

Sikuogopa alipokasirika. Niliogopa alipoacha. Akaketi, akavitazama vile vidonge mezani, akaanza kulia bila sauti. Akasema kila Jumapili anamwogesha mwanaume mzima ambaye alicheka alipoambiwa. Akasema mgongo unamuuma mpaka Jumatano. Akasema wa pili hataweza, si kwa sababu ya mgongo, ila kwa sababu wa pili ni mimi.

Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Sikujua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemeza kidonge. Kisha nikafungua mdomo, nikainua ulimi, akakagua kushoto na kulia. Akanibandika nyota ya karatasi kwenye shati, ya njano, ile anayowapa wanafunzi. Nilikusudia kuitoa. Sijaitoa. Kinyozi ameuliza.

Nimeitengeneza saa ya shule. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, nayo ilikuwa imeingiwa na tone la mafuta, mizunguko yake ikagandana. Tone moja! Dogo kuliko chozi la sisimizi. Na shule nzima ikaonekana haina mkimbiaji, na mimi nikaonekana nina moyo wa chuma. Nimekaa nayo chini ya lenzi nusu saa nzima nikiishangaa.

Na katika kukaa kule, nimefumbuliwa macho. Yule mama msafishaji! Habari ya lifti ilikuwa ya kunipoteza makusudi. Lifti imeharibika kwa wote, mbona sisi tulikaa chini? Yeye alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho.

Ndoo!

Alhamisi, 13 Machi

Ndoo ya lita kumi, maji nusu, mkono wa kushoto. Natoka nyumbani, nazunguka soko, napita nyuma ya shule, narudi. Nusu saa kamili, wakati mwingine na zaidi, kwa sababu watu hunisimamisha kuniuliza moto uko wapi.

Nguvu za ajabu zinaingia kupitia mpini. Nazisikia zikipanda kwenye bega. Usiku nalala kama mtoto.

Nimemwambia Mama Watoto nguvu inatoka kwenye ndoo. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema vizuri sana, ndoo isikose hata siku moja, na kwamba ndoo haifanyi kazi kwa mtu asiyemeza kidonge wala anayeongeza chumvi. Sikujua kama naye ana elimu hii! Nilimwomba anieleze zaidi, akasema atanieleza nikikua.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi viatu amenifuata barabarani mpaka nyuma ya shule akitaka kujua ndoo ni ya nini. Sikumwambia. Nimefunga na kichwa kwa kitambaa ili asione uso wangu unavyong'aa. Jioni nimemwona naye anazunguka soko. Ana debe. Debe! Masikini, hajui anachokifanya.

Mchuzi wa leo umekuwa mtamu kabisa. Nimemshukuru Mama Watoto kwa kurudisha chumvi. Anasema ameipunguza tena tangu juzi. Sikubishana. Ndoo imefika mpaka kwenye ulimi.

Jumatatu, 17 Machi

Mia na thelathini na nane kwa themanini na nane!

Muuguzi alipima mara mbili. Mama Watoto aliinamisha uso kwenye mkoba wake, mabega yakamtikisika, nikadhani anatafuta kitambaa. Muuguzi akauliza nimefanya nini. Mama Watoto akahesabu kwa vidole: kidonge kila asubuhi toka Jumanne, chumvi kidogo, kutembea nusu saa kila siku. Muuguzi akasema hongera mzee, ndivyo inavyotakiwa, endelea hivyohivyo na usiache kidonge kwa sababu ya kujisikia mzima. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Wote wawili wanajitahidi sana. Sikutaka kuwavunja moyo.

Kisha binti yule, na Mungu ambariki, aliniuliza kama nimewahi kuusikia. Akanivalisha masikioni kile chombo chake cha kusikilizia, akaweka kipande cha baridi kifuani mwangu.

Siwezi kuandika vizuri. Nitajaribu. Ni mapigo mawili, moja zito, moja jepesi, halafu kimya kidogo, halafu tena. Hakuna aliyeutia ufunguo. Haujafunguliwa kusafishwa hata siku moja. Ulianza kabla sijazaliwa, gizani, bila fundi, na haujapumzika hata nilipokuwa nimelala, hata nilipokuwa naudanganya. Saa zote nilizotengeneza maishani mwangu, ziweke pamoja, hazifikii hapo. Nilivua kofia. Nilikuwa peke yangu na kitu kikubwa.

Nikaomba kusikiliza na wa Mama Watoto. Alikataa, akaona haya, kisha akakubali. Wake ni mwepesi zaidi. Una haraka kidogo, kama mtu anayewahi darasani. Niliusikiliza mpaka muuguzi akasema kuna wagonjwa wengine nje.

Tumerudi kwa miguu. Njiani nimeamua kutomficha tena mke wangu kitu chochote, nikamweleza elimu yote ya ndoo: kwa nini mkono wa kushoto, kwa nini maji nusu, kwa nini debe halifai. Alisimama katikati ya njia akacheka mpaka akashika ukuta wa watu. Machozi yalimtoka. Kisha akanishika mkono, si ule wa kuvusha barabara, akasema yeye hataki elimu, anataka tu nizeeke. Nimemwahidi.

Kesho namnunulia ya kwake. Ndogo, ya lita tano, yenye mfuniko. Nimeusikia moyo wake leo kwa masikio yangu mwenyewe. Moyo kama ule haufai kuachwa hivihivi bila ndoo.